Nipe nikupe ya kemia: asidi na besi, redoksi na haidrokaboni katika uzi mmoja

Chukua chupa mbili. Moja ina amonia iliyoyeyushwa majini, nyingine ina asidi haidrokloriki iliyokolea. Zifungue na uziweke jirani, pasipo kumimina chochote. Punde si punde hewa iliyo kati ya midomo ya chupa hizo hujaa moshi mweupe mzito. Hakuna kilichowaka wala kumwagika. Moshi huo ni punje ndogo mno za chumvi iitwayo kloridi ya amoniamu, na zimezaliwa palepale hewani, gesi ya chupa moja ilipokutana na gesi ya chupa nyingine.

Jaribio hili huchukua chini ya dakika moja, na kila ninapoliona huwa nasimama kulitazama mpaka moshi utulie. Vitabu vya mwanzo vya kemia hulitia kwenye sura ya asidi na besi, kisha huja sura ya redoksi, kisha sura ya haidrokaboni, kila sura na msamiati wake na mazoezi yake. Mwanafunzi huzikariri kama nchi tatu zisizopakana, akavuka mtihani, akasahau. Nina hakika kwamba sehemu kubwa ya ugumu wa sura hizi inatokana na kutenganishwa kwake. Swali linaloulizwa ni lilelile moja: nani anatoa, nani anapokea, na kinachotolewa ni nini? Katika asidi na besi kinachotolewa ni protoni. Katika redoksi ni elektroni. Na haidrokaboni ni familia ya vitu vya kaboni na haidrojeni tu, ambamo atomu zimeshika elektroni kwa ubia ulio karibu sawa kiasi kwamba ni vigumu kumshawishi yeyote atoe chochote. Tuanze na protoni.

Kutoa na kupokea protoni

Atomu ya haidrojeni ina protoni moja na elektroni moja, basi. Ukiiondolea elektroni hubaki protoni tupu, kitu kidogo kuliko atomu kwa makumi ya maelfu ya mara. Ndiyo sababu wanakemia wakiandika H⁺ husema pia "protoni", wakimaanisha kitu kimoja. Chembe ndogo namna hiyo yenye chaji chanya haiwezi kukaa peke yake ndani ya maji. Hudandia molekuli ya maji iliyo karibu na kufanya ioni (chembe yenye chaji) ya haidroniamu, H₃O⁺. Tukiandika H⁺ katika mlinganyo wa mmenyuko wa majini, tunafupisha tu.

Msweden Svante Arrhenius ndiye aliyeshikilia kwamba chumvi na asidi zikiyeyuka majini hugawanyika kuwa ioni, hata kabla ya kupitishiwa umeme. Tasnifu yake ya mwaka 1884 katika Chuo Kikuu cha Uppsala ilipewa alama ya chini. Mwaka 1903 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa wazo hilohilo. Kwa mtazamo wake, asidi ni kitu kinachotoa H⁺ majini, na besi ni kitu kinachotoa OH⁻ majini. Ukichanganya asidi haidrokloriki na haidroksaidi ya sodiamu, H⁺ na OH⁻ zinaungana kuwa maji, asidi na besi zinaondoleana makali, na ioni za sodiamu na kloridi zinabaki zikielea kama watazamaji. Kwa mambo mengi maelezo haya yanatosha.

Ila moshi wetu mweupe unayashinda. Amonia ni NH₃: ndani yake hamna OH hata moja. Tena gesi hizo mbili hazikungoja kuyeyuka majini ndipo ziungane. Mwaka 1923 Johannes Brønsted wa Denmark na Thomas Lowry wa Uingereza, kila mmoja kivyake, walipendekeza maelezo yasiyohitaji maji: asidi ni mtoa protoni, besi ni mpokea protoni. HCl, yaani asidi haidrokloriki, inatoa protoni na kubaki Cl⁻. NH₃ inaipokea na kuwa NH₄⁺. Ioni hizo mbili zenye chaji kinzani zinashikamana, na chumvi inaonekana kama moshi. Hakuna zaidi ya hapo.

Ukiyatafakari maelezo haya utaona kwamba hakuna asidi iliyo asidi peke yake, kama vile hapawezi kuwa na mtoaji pasipo mpokeaji. Maji yakikutana na HCl hupokea protoni, kwa hiyo hapo ni besi. Maji hayohayo yakikutana na amonia hutoa protoni na kubaki OH⁻, kwa hiyo hapo ni asidi. Swali la "maji ni asidi au besi?" halina jibu mpaka useme yamekutana na nani. Vilevile, asidi ikishatoa protoni, kinachobaki ni besi, kwa kuwa kinaweza kuipokea tena. Tunakiita besi mwenza. Cl⁻ ni besi mwenza wa HCl, na ni mpokeaji mzembe kabisa: ikishaachana na protoni, haiitamani tena. Humo ndimo nguvu ya asidi ilimo. Asidi kali ni ile ambayo mwenza wake hana haja na protoni iliyoondoka.

Hapa naomba tukae kidogo, maana pana kosa ninalolikuta kuliko makosa mengine yote: kuchanganya nguvu ya asidi na ukolezi wake. Ukolezi ni wingi wa asidi uliyoitia katika lita moja. Nguvu ni sehemu gani ya molekuli hizo inakubali kuachia protoni. Asidi haidrokloriki ya moli 0.1 kwa lita (moli ni kipimo cha wanakemia cha idadi ya chembe) huachia karibu protoni zake zote. Asidi ethanoiki, ile inayoipa siki uchachu wake, kwa ukolezi huohuo huachia takriban molekuli 13 tu katika kila 1,000, na zilizobaki hukumbatia protoni zao. Izimue asidi haidrokloriki kwa maji mara elfu moja: bado ni asidi kali, ila imezimuliwa. Ikoleze asidi ethanoiki mpaka iunguze ngozi: bado ni dhaifu.

Na neno "dhaifu" limewahi kuwagharimu watu. Asidi haidrofloriki, HF, ni dhaifu kwa kipimo cha kemia, maana floridi haiachi protoni kirahisi. Lakini ni miongoni mwa vitu vya kuogopwa zaidi maabara, kwa sababu hupenya ngozi, wakati mwingine bila maumivu makali mwanzoni, kisha floridi yake ikakamata kalsiamu ya mwilini. Udhaifu unazungumzia protoni peke yake. Hausemi lolote kuhusu usalama.

Sasa pH. Mwaka 1909 Søren Sørensen, mwanakemia wa maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alichoshwa na namba zenye msururu wa sifuri. Maji safi kwenye nyuzijoto 25 za Selsiasi yana H⁺ moli 0.0000001 kwa lita, yaani kumi kwa kipeo cha hasi 7. Akapendekeza tutaje kipeo tu, bila alama ya hasi: 7. Basi pH ni hesabu ya vipeo vya kumi, na kushuka kwa namba moja ni kuongezeka kwa H⁺ mara kumi. Myeyusho wa pH 3 una H⁺ mara 100 kuliko wa pH 5. Asidi haidrokloriki ya moli 0.1 ina pH 1, na ethanoiki ya ukolezi huohuo ina pH ya karibu 2.9. Tofauti ya hizo mbili inaonekana ndogo kwenye karatasi, kumbe ni ya karibu mara 80.

Kuna mitego miwili hapo. Wa kwanza: watu hudhani 7 ni namba ya kudumu ya kitu kisichoegemea upande wowote. Siyo. Hiyo 7 inatokana na molekuli za maji zenyewe kupeana protoni, takriban molekuli mbili katika kila bilioni kwenye nyuzi 25. Joto likipanda, kupeana huko huongezeka. Maji safi yanayochemka yana pH ya karibu 6.1, na bado hayajawa asidi, kwa sababu kwa kila H⁺ iliyomo ipo OH⁻ moja. Mtego wa pili hupendwa na watunga mitihani: ukiizimua asidi haidrokloriki mpaka ibaki kumi kwa kipeo cha hasi 8, je, pH ni 8? Asidi haiwezi kugeuka besi kwa kuongezewa maji. Aliyejibu 8 amesahau protoni za maji yenyewe. Jibu ni chini kidogo tu ya 7.

Kwa wanaoshika chupa kwa mikono yao: asidi salfuriki iliyokolea hutiwa ndani ya maji polepole huku ukikoroga, kamwe maji hayatiwi ndani ya asidi. Kuungana kwake na maji hutoa joto jingi, na maji machache juu ya asidi nyingi yanaweza kuchemka ghafla na kukurushia asidi usoni.

Kutoa na kupokea elektroni

Jina "oksijeni" lina kosa ndani yake. Antoine Lavoisier wa Ufaransa alilitunga kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mzaa asidi, kwa kuwa aliamini kila asidi ina oksijeni. Mwaka 1810 Humphry Davy alitoa hoja kwamba klorini ni elementi, si kampaundi yenye oksijeni, na hivyo HCl ni asidi isiyo na oksijeni ndani yake. Tunajua sasa kwamba kinachohusika ni haidrojeni. Jina likabaki hivyohivyo.

Neno "oksidisheni" nalo limepita njia kama hiyo. Mwanzoni lilimaanisha kuungana na oksijeni: magnesi inawaka kwa mwanga mweupe na kuwa oksaidi ya magnesi. Lakini itazame sodiamu ikiwaka ndani ya klorini. Kuna moto, kuna joto, kuna majivu meupe, ila oksijeni haipo. Yaliyotokea ndani ni yaleyale: atomu ya metali imetoa elektroni, na atomu ya upande wa pili imezipokea. Kwa hiyo leo oksidisheni ni kupoteza elektroni, ridaksheni ni kupata elektroni, na kwa kuwa elektroni haitupwi hewani bila mwenyewe, mambo hayo mawili hutokea kwa pamoja. Tunayaita redoksi. Kinachowasumbua wengi ni kwamba kioksidishi, yaani kitu kinachooksidisha kingine, ndicho kinachopokea elektroni. Ukiliona neno hilo, mtafute mpokeaji.

Tumbukiza kipande cha zinki katika myeyusho wa buluu wa salfeti ya shaba. Baada ya muda buluu hufifia, na zinki huvikwa utando wa kahawia mwekundu. Atomu ya zinki imetoa elektroni mbili na kuingia majini kama Zn²⁺; ioni ya shaba, Cu²⁺, ambayo ndiyo iliyoleta buluu, imezipokea na kuwa shaba ya kawaida. Ioni za salfeti zimetazama tu. Mpaka hapo ni jaribio la kupendeza. Uzuri wenyewe unakuja ukiwatenganisha wawili hao. Weka zinki kwenye chombo kimoja chenye salfeti ya zinki, shaba kwenye chombo kingine chenye salfeti ya shaba, ziunganishe metali kwa waya, na uache njia nyembamba ya ioni kupita kati ya miyeyusho. Zinki bado inataka kutoa na shaba bado inataka kupokea, lakini sasa elektroni hazina njia ila waya. Zinapita humo, na huo ndio umeme. John Frederic Daniell aliunda betri ya namna hiyo mwaka 1836, miaka 36 baada ya ile ya Alessandro Volta, nayo hutoa takriban volti 1.1. Namba hiyo ni kipimo cha jinsi shaba inavyozihitaji elektroni kuliko zinki.

Hali si rahisi hivyo kila mara. Elektroni zinaposhikwa kwa ubia ndani ya molekuli, utajuaje nani ametoa? Wanakemia wamejitungia daftari la hesabu liitwalo namba za oksidisheni. Kanuni yake ni kujifanya kwamba katika kila kifungo elektroni zote ni za atomu yenye hamu kubwa zaidi ya elektroni. Oksijeni huandikiwa −2 mara nyingi, haidrojeni +1 mara nyingi, na jumla lazima ilingane na chaji ya chembe nzima. Chukua ioni ya pamanganeti, MnO₄⁻. Oksijeni nne ni −8, chaji ni −1, basi manganizi ni +7. Haina maana kwamba kuna manganizi iliyonyang'anywa elektroni saba kwelikweli. Ni uandishi wa hesabu, na kama daftari lolote lililoandikwa vizuri, linakuonyesha kilichohama.

Nimeitaja pamanganeti kwa makusudi, maana ndiyo inayoonyesha kwamba sura ya kwanza na ya pili ni jirani. Itie rangi yake ya zambarau katika myeyusho wa ioni za chuma, Fe²⁺, uliotiwa asidi salfuriki, na zambarau inapotea:

MnO₄⁻ + 8H⁺ + 5Fe²⁺ → Mn²⁺ + 4H₂O + 5Fe³⁺

Manganizi imeshuka kutoka +7 hadi +2, kwa hiyo imepokea elektroni tano, na chuma tano zimetoa moja moja. Lakini zitazame zile H⁺ nane. Elektroni zikiingia, oksijeni nne zilizokuwa zimeishika manganizi hazina tena pa kukaa, na protoni ndizo zinazozichukua na kuzigeuza maji. Ukizikosa protoni, yaani myeyusho usipokuwa na asidi, pamanganeti haifiki +2. Inaishia +4, ikiwa tope la kahawia la oksaidi ya manganizi. Mwanafunzi aliyesahau kutia asidi huona tope hilo na kudhani ameharibu jaribio. Kwa kweli amejionea jinsi elektroni zinavyokwama protoni zisipokuwepo.

Hata mmenyuko wa kwanza kabisa wa maabara, magnesi ndani ya asidi ikitoa mapovu ya haidrojeni, ni wa pande zote mbili. Umo kwenye sura ya asidi, lakini H⁺ hapo haikupokelewa na besi yoyote. Imepokea elektroni kutoka kwa magnesi. Ni redoksi iliyovaa joho la asidi.

Na ndoa hii ina upande wa hatari ambao kila mtu anayesafisha nyumba anastahili kuujua. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe ina haipokloriti, ClO⁻, ambamo klorini ni +1. Dawa hiyo kwa kawaida ina pia kloridi, ambamo klorini ni −1. Zinakaa pamoja kwa amani muda wote myeyusho ukiwa wa alkali, yaani wa besi. Mtu akichanganya na dawa ya kusafishia choo yenye asidi, protoni zinafungua mlango: ile ya +1 inapokea elektroni, ile ya −1 inatoa, zote zinakutana kwenye sifuri, na sifuri hiyo ni gesi ya klorini, sumu ya mapafu. Usichanganye, hata kidogo, hata dirisha likiwa wazi.

Kutu nayo ni redoksi ya polepole: chuma kinatoa elektroni, oksijeni pamoja na maji vinazipokea, na maji ya chumvi huiharakisha kwa kuwa hupitisha ioni vizuri. Bati hupakwa zinki kwa sababu zinki ina wepesi wa kutoa kuliko chuma, hivyo hutangulia kuliwa hata pale palipokwaruzwa.

Wanaoshika kwa ubia

Sasa kaboni. Ina elektroni nne za nje. Kuzitoa zote nne ni ghali, na kupokea nne nyingine ni ghali vilevile. Basi hushirikiana: hufanya vifungo vinne, na kila kifungo ni jozi ya elektroni inayomilikiwa na pande mbili. Haidrojeni ina hamu ya elektroni inayokaribiana sana na ya kaboni, kwa hiyo jozi hukaa karibu katikati. Sifa nyingi za haidrokaboni zinatoka hapo. Kwa kuwa hakuna upande wenye chaji ya maana, maji hayazivuti, nazo huelea juu yake bila kuchanganyika. Kwa kuwa hamna ioni, hazipitishi umeme. Na kwa kuwa kaboni haioni sababu ya kuachia haidrojeni iende kama protoni, methani huitumbukizi majini ikawa asidi.

Familia ya kwanza ni alkani, zenye vifungo vya jozi moja moja tu: methani CH₄, ethani C₂H₆, propani C₃H₈, butani C₄H₁₀, na kuendelea kwa kanuni ya CₙH₂ₙ₊₂. Molekuli zake huvutana kidogo tu, na mvuto huo huongezeka molekuli ikirefuka. Methani huchemka kwenye nyuzi −162, propani −42, butani karibu na sifuri, pentani kwenye 36, na oktani kwenye 126. Ndiyo maana gesi za kupikia ni propani na butani: ni gesi kwenye joto la kawaida, lakini ukizisukuma kwa shinikizo la wastani ndani ya mtungi huwa kimiminika.

Kaboni nne na zaidi zinaweza kupangwa kwa namna tofauti, na hapo huzaliwa isoma. Butani ina mbili, pentani tatu, heksani tano, oktani 18, dekani 75. Ukifika kaboni 20 idadi ni 366,319. Sijui takwimu nyingine inayoeleza vizuri zaidi kwa nini kemia ya kaboni ina tawi lake peke yake.

Alkeni zina mahali ambapo kaboni mbili zimeshikana kwa jozi mbili. Jozi ya pili imekaa nje ya mstari unaounganisha atomu, imelegea, na ni rahisi kuifikia. Ndiyo inayoondoa rangi ya chungwa ya bromini: bromini huungana hapo mara moja, na jaribio hilo hutumika kuzitambua alkeni, kwa kuwa alkani huhitaji mwanga ndipo zimenyuke. Sasa kumbuka Brønsted. Alkeni ikikutana na HBr, jozi ile iliyolegea ndiyo inayopokea protoni. Haidrokaboni, isiyoyeyuka majini wala kubadili rangi ya litimasi, ile karatasi ya kupimia asidi na besi, imekuwa besi. Alkaini, zenye jozi tatu, zinakwenda upande wa pili. Ethaini, C₂H₂, huzishika elektroni zake karibu zaidi na kaboni, hivyo ikitoa protoni, kinachobaki kina utulivu kiasi. Kwa besi kali sana kama amidi ya sodiamu, ethaini inatoa. Ni asidi, dhaifu kuliko maji kwa mbali, lakini ni asidi. Mtu aliyekariri kwamba asidi ni kitu kichachu hataiona, ila aliyeuliza "nani anatoa?" ataiona.

Benzini, C₆H₆, inastahili makala yake. Michael Faraday aliitenga mwaka 1825, na kwa miaka arobaini hakuna aliyejua atomu sita za kaboni na sita za haidrojeni zinakaaje, mpaka August Kekulé alipopendekeza pete mwaka 1865. Mwaka 1929 Kathleen Lonsdale alitumia eksirei kwenye fuwele ya kampaundi moja ya ukoo wa benzini na kuonyesha kwamba pete ni bapa. Urefu wa vifungo vyake ni pikomita 139, kati ya 154 za kifungo cha jozi moja na 134 za jozi mbili. Maana yake, elektroni zimegawanywa sawa kwa pete nzima, na ndiyo sababu benzini haikimbilii bromini kama alkeni.

Kisha moto. Katika methani, daftari letu linaiandikia kaboni −4. Katika kaboni dioksaidi ni +4. Kila molekuli ya methani inayoungua imehamisha elektroni nane kwenda kwa oksijeni, na gramu 16 za methani hutoa takriban kilojuli 890. Kwa nini basi gesi haiwaki yenyewe ikikutana na hewa? Kwa sababu lazima vifungo vya mwanzo vianze kuvunjika kabla vipya havijaundwa, na ule ubia wa karibu sawa hauvunjiki pasipo cheche. Oksijeni ikipungua, safari ya elektroni hukatishwa njiani: kaboni huishia +2, ikawa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoshikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Miali ya njano yenye masizi kwenye jiko la gesi ni dalili kwamba hewa haitoshi.

Kaboni ikifika +4 haina elektroni zaidi za kutoa, lakini safari haijaisha. Kaboni dioksaidi ikiyeyuka majini hufanya asidi kaboniki, na asidi hiyo hutoa protoni. Ndiyo maana hata mvua isiyo na uchafu wowote ina pH ya karibu 5.6. Bahari nayo hupokea sehemu ya gesi hiyo. Tangu kabla ya enzi ya viwanda, pH ya maji ya juu ya bahari imeshuka kutoka karibu 8.2 hadi karibu 8.1. Kwa kuwa tunahesabu vipeo vya kumi, hiyo 0.1 ni ongezeko la H⁺ la zaidi ya robo. Bahari bado ni besi. Ila protoni zilizoongezeka hutafuta mpokeaji, na mpokeaji aliye karibu ni ioni ya kaboneti, CO₃²⁻, ambayo ikishapokea huwa HCO₃⁻. Kaboneti hiyohiyo ndiyo matumbawe na chaza wanayoihitaji, pamoja na kalsiamu, kujengea magamba na mifupa yao.